Mtawala Mwenye Masharti: Kuisoma Iran kwa Neno Moja

Desemba 1905 bei ya sukari ilipanda mjini Tehran. Sukari nyingi ya Iran ilitoka Urusi, na mwaka huo Urusi ilikuwa imeshindwa vita na Japani, huku nyumbani kwake kukiwaka moto. Liwali wa Tehran hakuwa na haja na habari za Urusi. Aliwaita wafanyabiashara wa sukari, akawaambia wanaficha mali, akaamuru wafungwe miguu, nyayo juu, wachapwe fimbo. Mmoja wao alikuwa mzee aliyejenga misikiti kwa fedha zake, mtu wa kuamkiwa na kila anayempita sokoni.

Soko likafungwa. Wafanyabiashara na mashehe wakaondoka mjini, wakaenda kukaa kwenye kaburi takatifu la Shah Abdol-Azim, kusini ya Tehran, mahali ambapo kwa mila ya nchi ile askari hamkamati mtu. Kutoka huko wakatuma dai lao. Hawakusema mfalme ang'oke. Walitaka *adalatkhaneh*, nyumba ya uadilifu, mahali ambapo mtu aliyechapwa bila kosa anaweza kwenda kusema na akasikilizwa.

Nimeanzia kwenye nyayo za wauza sukari kwa makusudi. Wengi wetu tunaianza Iran mwaka 1979: mzee mwenye kilemba cheusi anashuka kwenye ndege, wanafunzi wanaruka ukuta wa ubalozi wa Marekani, na tangu siku hiyo Iran ni nyuklia, vikwazo na maandamano. Ukianzia hapo hutaelewa kitu. Utaona taifa linalorukaruka, jana sketi fupi, leo buibui, kesho sijui nini, na utaishia kusema kwamba Waajemi ni watu wa ajabu. Ukianzia sokoni mwaka 1905 unaona ugomvi mmoja ambao haujaisha: nani amwekee mtawala mipaka, na mipaka hiyo ishikwe na nani.

Ugomvi huo una jina, na msomaji wa Kiswahili ana bahati kwa sababu halihitaji kutafsiriwa. Waliuita *mashruteh*. Ni lile lile "sharti" letu, kutoka mzizi ule ule wa Kiarabu. Mfalme wa mashruteh ni mfalme mwenye masharti: yupo, anavaa taji, lakini kuna mistari asiyoivuka. Kinyume chake walikiita *motlaqeh*, yaani bila masharti. Shika maneno hayo mawili, tutayarudia. (Tena si mara ya kwanza Kiajemi kutupa maneno ya utawala, "serikali" yenyewe ina asili huko, kama "bandari", na watu wa Makunduchi wanapooga mwaka katika Mwaka Kogwa, hesabu yao ni ya Nairuzi.)

Wauza sukari wa 1905 hawakubuni njia ya kupigana na mfalme. Waliikuta. Mwaka 1890 Naser al-Din Shah, wa ukoo wa Qajar, alimuuzia Mwingereza mmoja, Meja Talbot, tumbaku yote ya Iran: kuinunua kwa mkulima, kuiuza, kuisafirisha, kwa miaka 50. Mfalme angepata pauni 15,000 kwa mwaka na robo ya faida. Hebu fikiri leo mkulima wa karafuu wa Pemba aambiwe karafuu zake zote, hata za kutia kwenye pilau yake, lazima azinunue tena kwa mgeni mwenye karatasi ya mfalme.

Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mwanachuoni mkubwa wa Kishia aliyekuwa akiishi Samarra, Iraq. Ilikuwa fupi: kuanzia sasa, kutumia tumbaku ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yaani Imamu wa 12, ambaye Washia wanaamini ameghibu na siku moja atarudi. Telegrafu, mashine ambayo wafalme waliileta ili waitawale nchi vizuri zaidi, ilisaidia kuisambaza kwa siku chache. Watu wakaacha kuvuta. Inasimuliwa kwamba hata ndani ya jumba la mfalme wake zake walivunja viko. Januari 1892 mkataba ukafutwa, na Iran ikakopa pauni 500,000 kumlipa fidia mgeni ambaye hakuwa amefanya kazi yoyote ya maana.

Hapo ndipo Wairani walipojifunza ufundi ambao wangeutumia tena na tena. Soko lina fedha na lina milango ya kufunga. Msikiti una sauti na una watu kila Ijumaa. Viwili hivi vikishikana mkono, mfalme hana pa kupita. Na wameshikana si kwa dini tu: mfanyabiashara ndiye anayemlipa shehe khumsi, ile sehemu ya tano ya faida inayotolewa kwa dini, shehe ndiye anayeshuhudia mikataba ya mfanyabiashara, na watoto wao huoana.

Turudi 1906. Mfalme aliyemrithi Naser al-Din, Mozaffar al-Din, mgonjwa na mpole kiasi, aliahidi nyumba ya uadilifu kisha akaahirisha. Kiangazi mashehe wakahamia Qom, mji wa madrasa za Kishia. Wafanyabiashara na mafundi, wao, wakaingia bustani ya ubalozi wa Uingereza wakapiga kambi. Walifika karibu 14,000. Kila chama cha mafundi kilikuwa na hema lake, washona viatu hapa, wauza nguo pale. Masufuria makubwa ya wali yalikaa motoni, na vijana waliosoma shule mpya wakazunguka kwenye mahema wakieleza katiba ni kitu gani na wafalme wa Ulaya wamefungwaje. Dai likakua kambini humo. Walioingia wakitaka mahakama walitoka wakitaka Bunge.

Tarehe 5 Agosti 1906 mfalme alikubali. Majlis, hilo ndilo jina la Bunge lao, ikafunguliwa Oktoba. Mwisho wa Desemba akaitia saini katiba, na siku chache baadaye akafariki. Wanawake hawakupata kura na maskini wengi waliachwa nje, hilo lisifichwe. Lakini tazama mwaka: 1906. Urusi ndiyo kwanza ilikuwa imepata bunge lake dhaifu, na masultani wa Uturuki walikuwa bado hawajairudisha katiba waliyoifungia kabatini.

Sasa mashehe wakagawanyika, na mgawanyiko huo ndio ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata. Shehe Fazlollah Nuri, mmoja wa wakubwa wa Tehran, aliiunga mkono harakati mwanzoni, kisha akasita. Akauliza: kama Bunge linatunga sheria, sheria ya Mungu inakwenda wapi? Alitaka utawala wa *mashru'eh*, wa kisheria kwa maana ya sharia. Herufi chache tu, na ni vita: mashruteh au mashru'eh, sharti au sharia. Wakubwa wake wa Najaf, mji wa wanachuoni wa Kishia nchini Iraq, akiwemo Akhund Khorasani, walimpinga. Wao walisema Imamu wa kweli ameghibu, hakuna mtawala aliye maasumu, kwa hiyo dhulma ya mtawala lazima ipunguzwe kwa katiba. Yaani mashehe hao walitetea Bunge *kwa sababu ya* dini yao. Anayekuambia kwamba ugomvi wa Iran ni dini dhidi ya usasa hajawasikia watu wa Najaf wa mwaka huo.

Bunge halikuachwa likue. Mfalme aliyefuata, Mohammad Ali, alilichukia waziwazi. Agosti 1907 Uingereza na Urusi zikaigawa nchi kwenye karatasi, kaskazini ya Mrusi, kusini mashariki ya Mwingereza, na Wairani hawakuulizwa. Tarehe 23 Juni 1908 Kikosi cha Cossack, askari wa mfalme walioongozwa na maofisa wa Kirusi, kililipiga jengo la Bunge kwa mizinga. Mji wa Tabriz, wenyeji wake Waazeri wanaosema Kituruki, ndio uliokataa; ukazingirwa kwa miezi, watu wakala majani, wakiongozwa na Sattar Khan, aliyekuwa mchuuzi wa farasi. Julai 1909 wanakatiba wakaiteka Tehran, mfalme akakimbia, Shehe Nuri akanyongwa hadharani. Mwisho wa 1911 Urusi ikatoa amri kwa nguvu ya jeshi lake na Bunge likafungwa tena.

Na kuna tarehe nyingine ya kuiweka pembeni ya hizo. Tarehe 26 Mei 1908, siku 28 kabla ya mizinga ya Bunge, mafuta yaliruka kutoka ardhini Masjed Soleyman, kusini magharibi. Aliyekuwa na haki ya kuyachimba ni William D'Arcy, aliyeuziwa na mfalme mwaka 1901 kwa miaka 60, Iran ikibakiwa na asilimia 16 ya faida. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilinunua hisa nyingi za kampuni iliyoyachimba mafuta hayo, kwa sababu manowari zake zilikuwa zinaacha makaa ya mawe. Ni nadra historia kuziweka habari mbili karibu namna hii. Ndani ya mwezi mmoja Wairani walivunjiwa Bunge, na chini ya miguu yao kukatoka fedha ambayo siku moja ingemwezesha mtawala asihitaji kodi yao, wala ridhaa yao.

Vita vya kwanza vya dunia vilipita juu ya Iran ingawa ilitangaza haimo vitani. Njaa ikaua watu wengi mno. Nchi iliyochoka hivyo humtamani mtu wa mkono mzito, na mtu huyo alitoka kwenye Kikosi kile kile cha Cossack. Reza Khan aliingia Tehran na askari wake Februari 1921. Mwaka 1925 Bunge likamwondoa mfalme wa mwisho wa Qajar na njia ikawa wazi kwa Reza.

Siku ya mjadala huo mbunge mmoja, mwanasheria aliyesoma Uswisi, alisimama akapinga. Hoja yake ilikuwa hivi: Reza akiwa mfalme wa katiba, hatatawala, na tutapoteza waziri mkuu hodari, akiwa mfalme na huku anatawala, huo ni udikteta, na waliomwaga damu kwa ajili ya mashruteh waliimwaga ya nini? Jina lake lilikuwa Mohammad Mosaddegh. Hoja haikuwa na jibu, kwa hiyo haikujibiwa.

Reza Shah alijenga. Reli kutoka Ghuba hadi Bahari ya Kaspi, Chuo Kikuu cha Tehran, mahakama za kiraia, jeshi la kweli. Mwaka 1935 akawaambia wageni waache kusema Uajemi waseme Iran, kama wenyewe walivyosema siku zote. Katiba ya 1906 hakuifuta. Aliiacha ukutani kama saa iliyosimama. Januari 1936 alipiga marufuku vazi la kujistiri, na askari wakawa wanawavua wanawake chador barabarani. Wapo waliojifungia ndani kwa miaka badala ya kutoka vichwa wazi. Agosti 1941 Waingereza na Warusi wakaivamia nchi, wakamlazimisha ajiuzulu, wakampeleka Morisi kisha Johannesburg, alikofia mwaka 1944. Mwanawe Mohammad Reza, miaka 21, akakalishwa kitini.

Kwa kuwa mfalme alikuwa mchanga, Iran ikapumua miaka 12: magazeti kila rangi, vyama, migomo. Na swali la mafuta likarudi. Abadan palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta kikubwa kuliko vyote duniani. Waingereza wakiishi kwenye nyumba zenye bustani, vibarua wa Kiirani kwenye mtaa wa vibanda walioupa jina Kaghazabad, mji wa karatasi. Serikali ya Uingereza ilipata kwa kodi kutoka kampuni ile fedha nyingi kuliko mrabaha iliopata Iran yenye mafuta. Machi 1951 Bunge likataifisha. Mwishoni mwa Aprili Mosaddegh akawa waziri mkuu.

Alikuwa mzee wa ajabu, mtoto wa ukoo wa mabwana, anayepokea mabalozi akiwa kitandani na nguo za kulalia, anayelia akihutubia. Magazeti ya Ulaya yalimcheka. Lakini alikuwa na jambo moja kichwani: mafuta na katiba kwake vilikuwa kitu kimoja. Kampuni ya kigeni ikiwa na nguvu kuliko Bunge, Bunge ni pambo. Mfalme akishika jeshi, Bunge ni pambo. Julai 1952 alidai wizara ya vita, mfalme akakataa, Mosaddegh akajiuzulu; watu wakajaa barabarani, wengine wakauawa, na baada ya siku chache akarudishwa.

Uingereza ikazuia mafuta yasiuzike. Meli iliyothubutu kuyabeba ilikamatwa Aden. Hazina ikakauka. Marafiki wakaanza kumkimbia, akiwemo shehe mkubwa, Ayatollah Kashani, aliyekuwa amesimama naye tangu mwanzo. Mosaddegh mwenyewe alikosea pakubwa: Agosti 1953 aliitisha kura ya kulivunja Bunge, sanduku la "ndiyo" likawekwa mahali pake na la "hapana" mahali pake, kila mtu akaona nani anatia wapi. Mpenzi wa masharti naye alianza kuyaona mazito yalipomhusu.

Kosa hilo hata hivyo halikumwangusha. Walimwangusha majasusi. Kiswahili kinatubana kidogo hapa, maana "mapinduzi" tunawaita umma ulioinuka na tunawaita pia maofisa walioiba dola. Ya 1953 ni ya aina ya pili. CIA na wenzao wa Uingereza waligawa fedha kwa maofisa, magazeti, baadhi ya mashehe na wababe wa mitaani. Jaribio la kwanza lilishindwa, mfalme akaruka Baghdad kisha Roma. Tarehe 19 Agosti likafaulu: kundi la watu, vifaru, nyumba ya Mosaddegh ikapigwa mizinga. Alifungwa miaka mitatu, kisha akazuiliwa kijijini kwake Ahmadabad hadi alipokufa mwaka 1967. CIA ilikiri kwa maandishi yake rasmi mwaka 2013, miaka 60 baadaye.

Mfalme aliyerudi si yule aliyeondoka. Mwaka 1954 mafuta yakagawanywa upya: kampuni ya Uingereza asilimia 40, za Marekani 40, zilizobaki Waholanzi na Wafaransa, na Iran nusu ya faida. Mwaka 1957 ikaundwa SAVAK, idara ya usalama iliyokuwa na sifa ya kutesa. Mwaka 1963 akatangaza mageuzi kutoka juu: ardhi ya mabwana igawiwe wakulima, wanawake wapige kura. Mambo mazuri, mengine ya lazima kabisa, na yote yalitolewa kama zawadi ya mfalme. Juni mwaka huo shehe wa Qom, Ruhollah Khomeini, alikamatwa kwa kumshambulia mfalme, watu wakaandamana wakapigwa risasi.

Khomeini alifukuzwa nchini Novemba 1964 kwa hotuba nyingine. Bunge lilikuwa limepitisha sheria kwamba wanajeshi wa Marekani walioko Iran wasishitakiwe na mahakama za Iran. Akawauliza wasikilizaji: mpishi wa Kimarekani akimuua mwanachuoni wenu katikati ya soko, polisi wa Iran hana haki ya kumkamata? Sikiliza vizuri dai hilo. Ni lile lile la nyayo za 1905, ni la nyumba ya uadilifu. Ndiyo maana hata wasiosali walimsikiliza.

Mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne, na mtawala akapata kile ambacho wafalme wa Qajar hawakukiota. Akanunua silaha, akajenga viwanda. Machi 1975 akavifuta vyama vyote na kuunda kimoja. Asiyependa, alisema, achukue pasipoti aende zake. Mwaka 1976 akabadilisha hata kalenda: mwaka ambao kwa Wairani ungekuwa 1355 wa Hijria yao ukawa 2535 wa wafalme. Na fedha nyingi zilipoleta mfumuko wa bei, alifanya nini? Aliwatuma vijana sokoni kukagua bei, wafanyabiashara kwa maelfu wakatozwa faini na kufungwa. Miaka 70 baada ya wauza sukari, mtawala alikuwa amerudi sokoni na fimbo.

Yaliyobaki yalikwenda kwa mwendo wa matanga. Januari 1978 gazeti lililoegemea serikali lilimtukana Khomeini, wanafunzi wa Qom wakaandamana, wakauawa. Siku ya arobaini yao Tabriz ikawaka, wengine wakauawa. Arobaini ya hao ikawaka miji mingine. Mtu yeyote aliyekulia kwenye jamii yenye arobaini anaelewa nguvu ya jambo hili: serikali haiwezi kupiga marufuku hitima. Oktoba wafanyakazi wa mafuta wakagoma, na huo ndio mshipa wa shingo. Tarehe 16 Januari 1979 mfalme aliondoka. Tarehe 1 Februari Khomeini akarudi, na tarehe 11 jeshi likasema halimo.

Nani alishinda? Soko, misikiti, Wakomunisti, wafuasi wa Mosaddegh, wanafunzi, wanawake waliovaa chador kwa hiari kama bendera. Kila mmoja alidhani wengine ni abiria wake. Waziri mkuu wa kwanza, Mehdi Bazargan, alikuwa mtu wa Mosaddegh, ndiye aliyetumwa Abadan kupokea mafuta mwaka 1951. Miezi michache baadaye alilalamika kwamba amepewa kisu chenye mpini tu, makali wameyashika wengine. Sisi husema mwenye mpini ndiye mshindi. Tehran ya 1979 methali hiyo ilikuwa imegeuzwa juu chini. Tarehe 8 Machi, chini ya mwezi mmoja tangu ushindi, maelfu ya wanawake walikuwa tayari barabarani kupinga kulazimishwa ushungi. Wengi wa waliokuwa wandani wao waliwaambia: si wakati wake.

Rasimu ya kwanza ya katiba haikuwa na mtawala wa kidini juu ya rais. Kilichoingizwa baadaye, kwenye baraza lililojaa mashehe, kinaitwa *velayat-e faqih*. Hapa tena Kiswahili kinatosha. Faqih ni mwanachuoni wa fikihi, velayat ni uwalii. Walii tunamjua: ni mlezi wa yatima, wa mtoto, wa asiyeweza kujisimamia. Katika fikihi za Kishia mwanachuoni alikuwa walii wa watu kama hao kwa karne nyingi. Khomeini, akifundisha Najaf mwaka 1970, alipanua: madhali Imamu ameghibu, faqihi ni walii wa umma mzima. Maayatollah wakubwa kadhaa hawakukubali, maana taifa si yatima. Lakini iliandikwa. Pamoja nayo likaja Baraza la Walinzi la watu 12, sita kati yao wanateuliwa na Kiongozi, yaani faqihi huyo, lenye uwezo wa kuzuia sheria na kuwachuja wagombea. Shehe Nuri aliyenyongwa 1909 alikuwa ameishinda kesi yake. Na kwa kejeli ambayo mtunzi asingethubutu kuibuni, mjukuu wake, Nureddin Kianuri, ndiye aliyekuwa mkuu wa chama cha Wakomunisti, aliiunga mkono Jamhuri ya Kiislamu, na mwaka 1983 akakamatwa na kulazimishwa kujikana kwenye televisheni.

Kuchukuliwa kwa ubalozi wa Marekani, siku 444 za mateka, Bazargan kujiuzulu: wanafunzi wale walisema wanazuia 1953 nyingine. Kisha Septemba 1980 Saddam Hussein akavamia, na vita vikala miaka minane na vijana laki kadhaa. Kila mpinzani wa ndani aligeuka msaliti wa mstari wa mbele, na Walinzi wa Mapinduzi, jeshi la kuulinda utawala mpya, wakakua kutoka wanamgambo hadi dola ndani ya dola. Mwaka 1988, vita vikiisha, maelfu ya wafungwa wa kisiasa walinyongwa magerezani. Ayatollah Montazeri, aliyekuwa mrithi mteule wa Khomeini, alipinga kwa barua, akaondolewa urithi.

Khomeini alifariki Juni 1989. Ali Khamenei akachukua nafasi, na katiba ikarekebishwa. Katika kifungu cha 57, kinachotaja uwalii, wakaongeza neno moja: *motlaqeh*. Bila masharti. Ndilo neno ambalo watu wa 1906 walilitumia kumtaja mfalme waliyetaka kumfunga. Sijui kama waliokuwa chumbani walilisikia mwangwi wake. Walikuwa wasomi, nadhani walilisikia.

Hata hivyo watu waliendelea kuyatafuta masharti kwa mlango wowote ulioachwa nusu wazi. Mwaka 1997 walijiandikisha zaidi ya 200 kugombea urais, Baraza la Walinzi likapitisha wanne, na watu wakamchagua Mohammad Khatami, ambaye wakubwa hawakumtaka, kwa karibu asilimia 70. Alihubiri utawala wa sheria. Magazeti yakachanua kisha yakafungwa kwa makumi. Mwaka 2009 walipoambiwa rais aliyekuwepo, Mahmoud Ahmadinejad, ameshinda tena, walitoka na bango la maneno matatu ya Kiajemi: kura yangu iko wapi? Aliyeshindwa, Mir-Hossein Mousavi, alifungiwa nyumbani Februari 2011, kama Mosaddegh alivyofungiwa kijijini.

Mgeni naye hajaacha kuisaidia hoja ya wale wanaosema wakati wa uhuru si huu. Mapatano ya nyuklia ya 2015 yalikuwa kazi ya wapole wa Tehran. Marekani ilijitoa Mei 2018 ingawa wakaguzi walisema Iran inayatimiza, na wapole wakabaki uso wao wapi. Juni 2025 Israel, kisha Marekani, ziliipiga Iran katika vita vya siku 12. Mabomu ya Israel yalianguka kwenye gereza la Evin mjini Tehran, mahali wanapofungwa wapinzani. Mahakama za Iran zilisema mwanzoni kwamba wamekufa 71. Watu wengi wa Iran wameishi maisha yao yote katika hali hiyo, ndani ya gereza la mmoja, chini ya bomu la mwingine.

Septemba 2022 Mahsa Amini, msichana wa Kikurdi wa miaka 22 kutoka Saqqez, alikamatwa Tehran na polisi wa maadili kwa ajili ya ushungi wake, akafa siku tatu baadaye. Kauli iliyotoka mazikoni mwake, mwanamke, maisha, uhuru, ilikuwa ya Kikurdi kabla ya kuwa ya Kiajemi, na ilienea hadi kwa Wabaluchi wa Zahedan. Makundi ya haki za binadamu yalihesabu zaidi ya 500 waliouawa. Askari wa 1936 alimvua bibi ushungi, sheria ya 1983 ikatishia fimbo 74 kwa mjukuu asiyeuvaa, na vitukuu wakawa wanauchoma. Safari hii soko na msikiti hawakuongoza. Waliongoza wasichana wa shule.

Tehran kuna barabara ndefu yenye mistari ya miti pande zote mbili, inayotoka stesheni ya reli kusini, kwa maskini, ikapanda kama kilomita 18 hadi Tajrish kaskazini, kwa matajiri. Ilifunguliwa zama za Reza Shah, ikaitwa Pahlavi kwa jina la ukoo wake. Baada ya mapinduzi iliitwa Mosaddegh. Haikuchukua muda ikabadilishwa tena, ikaitwa Vali-Asr, Walii wa Zama, lakabu ya Imamu yule aliyeghibu. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2009 wafuasi wa Mousavi walishikana mikono kando yake, kuanzia stesheni hadi Tajrish, wakiwa wamefunga vitambaa vya kijani.